12 Aprili: chanjo ya polio mmeiacha

Asanteni kwa makala ya matukio ya tarehe 12 Aprili. Mmemtaja Yuri Gagarin, aliyeruka angani kwa dakika 108 mwaka 1961, na chombo cha anga za juu cha Marekani, Columbia, kilichorushwa mara ya kwanza 1981, tarehe ileile. Ila mmeacha la tatu, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Tarehe 12 Aprili 1955, huko Michigan, Marekani, ilitangazwa kwamba chanjo ya polio ya mtafiti Jonas Salk ni salama na inakinga, baada ya majaribio yaliyohusisha watoto wapatao milioni 1.8. Siku hiyo ilitimia miaka 10 tangu afariki Rais Roosevelt wa Marekani, aliyekuwa amepooza miguu kwa ugonjwa uliotambuliwa kuwa polio.

Tuliokulia Mikindani ugonjwa huu tumeuona kwa macho. Mjomba wangu aliokota korosho akijiburuza juu ya kipande cha gunia, mguu mmoja umekonda kama mpini wa jembe. Juzi nimempeleka kitukuu chake zahanati. Kachomwa sindano ya polio pajani, kalia kidogo, kanyonya, kalala. Mjomba hakuipata sindano hiyo. Naomba muiongeze kwenye makala.