Bapa la daraja la 10: kwa nini nawaamini Lam na wenzake

Mraba wa Kilatini wa daraja n ni jedwali la n kwa n lenye alama n, ambamo kila alama hutokea mara moja katika kila mstari na kila safu. Mazungumzo kuhusu miraba hii yakishafika daraja la 10, hakosi mtu wa kuuliza: matokeo ya Clement Lam na wenzake, waliotumia kompyuta kuonyesha kwamba bapa la daraja la 10 halipo, yalithibitishwa, au yalihesabiwa tu? Hilo "tu" ndilo lililonifanya niandike.

Miraba miwili ya Kilatini huitwa othogonali ikiwa, ukiilaza mmoja juu ya mwingine, kila jozi ya alama hutokea mara moja na hairudii. Kwa daraja n, miraba iliyo othogonali kila mmoja na mwenzake haiwezi kuzidi n−1. Ikifika idadi hiyo, tayari una bapa la projektivu la daraja n, yaani mpango wa nukta na mistari ambamo nukta mbili zozote zina mstari mmoja tu unaozipitia, na mistari miwili yoyote hukutana kwenye nukta moja. Kwa 10, bapa hilo lingekuwa na nukta 111 na mistari 111, kila mstari ukibeba nukta 11. Nadharia ya Bruck na Ryser ya mwaka 1949 huliondoa bapa la daraja la 6, lakini kwa 10 haina la kusema, kwa kuwa 10 ni 1 + 9, jumla ya namba mbili za mraba. Mwaka 1989 Clement Lam, Larry Thiel na Stanley Swiercz walichapisha jibu: bapa la daraja la 10 halipo. Hatua ya mwisho ya kulisaka iliila kompyuta aina ya CRAY saa zipatazo 2,000.

Wanaosita wana hoja nzito. Uthibitisho, wanasema, hueleza sababu; msako hukuambia tu kwamba kitu hakikuonekana. Na historia ya miraba hii inawapa nguvu. Mwaka 1782 Euler alidhani hakuna jozi othogonali kwa daraja lolote linalobakiza 2 likigawanywa kwa 4. Kompyuta za miaka ya 1950 ziliwekwa kutafuta jozi ya daraja la 10, zikashindwa. Aliyeipata, mwaka 1959, ni Parker, kwa kufikiria muundo. Na pamoja na Bose na Shrikhande akaonyesha kwamba Euler alikosea kwa madaraja yote ya aina hiyo yaliyo juu ya 6. Hapo akili ilifika mahali ambapo mashine ilikuwa imekwama, na sidhani kuna anayeweza kulibisha hilo.

Ila tutazame daraja la 6 lenyewe. Karibu mwaka 1900 Gaston Tarry alithibitisha kwamba Euler alikuwa sahihi kwa 6. Alifanyaje? Aliichukua miraba 9,408 iliyokwisha kupangwa katika umbo la kawaida, akaigawa katika makundi 17, akayapitia moja baada ya jingine kwa mkono. Huo ni msako, hauna jina jingine. Uthibitisho mfupi, wenye kueleza sababu, ulikuja kwa Stinson mwaka 1984. Je, kwa ile miaka zaidi ya 80 ya katikati tulikuwa hatujui? Sijawahi kusikia mwanahisabati akisema hivyo. Kazi ya Tarry ilipewa imani ambayo ya Lam inanyimwa, na tofauti ninayoiona ni kwamba ya kwanza ilifanywa kwa kalamu.

Sasa nije kwenye namba inayonukuliwa sana dhidi ya Lam, nayo aliitoa mwenyewe. Alieleza kwamba mashine ile ilikuwa na kawaida ya kufanya kosa lisilojitangaza mara moja hivi katika kila saa 1,000. Kwa saa 2,000, basi, tarajia makosa mawili au matatu. Wengi husoma hadi hapo wakafunga ukurasa. Huwa nasikitika, maana hesabu ndiyo kwanza inaanza.

Kazi za awali, kuanzia miaka ya 1970, zilichunguza msimbo unaozaliwa na bapa hilo, yaani mkusanyo wa mifuatano ya 0 na 1; kila mfuatano huitwa neno, na idadi ya 1 zake huitwa uzito. Zilionyesha kwamba msimbo huo haungekuwa na neno lolote la uzito 12, 15 wala 16, na hilo likilazimu kuwepo kwa maneno 24,675 ya uzito 19, bila kupungua hata moja. Kila neno ni mlango wa kuingilia: ukianza na neno lolote kati ya hayo na ukatafuta hadi mwisho, unalifikia bapa lile lile. Tena ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba bapa hilo lisingekuwa na ulinganifu wowote wa kulirudisha juu yake lenyewe, kwa hiyo milango hiyo yote ni tofauti. Ili bapa liwepo na lisionekane, mashine ingepaswa kukosea kwenye milango yote 24,675. Makosa mawili matatu ya kubahatisha hayana uwezo huo. Kukiri kosa, hapa, ndiko kulikotupa njia ya kupima uzito wa ushahidi.

Linabaki kosa la programu, ambalo halibahatishi: likiwepo, linaweza kuifunga milango yote kwa pamoja. Hapa nakubali kwamba wasiwasi ulikuwa wa haki. Mwaka 2021 Curtis Bright na wenzake walirudia kazi nzima kwa mbinu ya mantiki, wakaacha vyeti vya terabaiti zipatazo 110 ambavyo programu nyingine huru inaweza kuvikagua. Waligundua dosari katika misako iliyotangulia. Jibu halikubadilika. Bado inabidi kuziamini programu zilizolitafsiri swali kuwa mantiki, lakini hizo ni fupi na mtu anaweza kuzisoma.

Anayelikataa jibu hili ajue pia anaangusha nini. Shrikhande alionyesha mwaka 1961 kwamba miraba n−3 iliyo othogonali, isipokuwa kwa daraja la 4, huweza kukamilishwa hadi n−1. Kwa 10, miraba 7 ingeleta 9, na 9 ingeleta bapa. Bapa halipo, basi 7 haiwezekani, na kikomo kinashuka kutoka 9 hadi 6. Upande wa chini tuna miwili, tangu enzi za Parker. Miraba mitatu ya daraja la 10 iliyo othogonali kila mmoja na mwenzake hajaipata mtu, wala hajathibitisha mtu kwamba haipo.