Elfu Hamsini Imekwenda Newala

Mpwa wangu anasoma falsafa na analala kwenye kochi langu tangu Februari. Leo asubuhi ameniuliza eti binadamu anazaliwa mwema au mwovu. Nikamwambia aniache kwanza, kamati ya harusi inanitafuta.

Maana jana, mtu mzima mimi na miwani yangu, nimetuma elfu hamsini ya mchango wa shemeji kwa mtu asiye mweka hazina. Saba na sita zimepishana. Jina lilitokea, lakini nani analisoma? Nikabonyeza moja.

Nikapiga. Akapokea bibi mmoja, yuko Newala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndiyo wewe wa elfu hamsini?"

Moyo ukatulia. Nimeangukia kwa mcha Mungu.

"Ndiyo mimi mama."

"Mola akuweke! Nimeswali alfajiri, nikamwambia Mola mikorosho inaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga na dawa ya salfa sina. Sijakunja mswala, simu ikalia."

Nikakohoa kistaarabu. Nikamweleza kwamba hapo katikati ya Mola na simu palipita kidole changu, nacho kilikosea.

"Mola hakosei kidole, mwanangu."

"Sasa mama, hela iko wapi?"

"Iko juu ya mikorosho. Kijana keshapulizia. Nikaukung'ute mti upi?"

Hapo ustaarabu ukaniishia. Nikapandisha sauti, nikataja polisi, nikataja serikali ya mtaa ambayo hata mjumbe wake simjui. Akanyamaza. Kisha nikamsikia akiwaambia watu pembeni, "Ana hasira kidogo, ila mtu mwema sana." Vigelegele! Simu ikazungushwa: mjukuu akaniamkia, jirani akauliza kama na yeye nitamkumbuka, mzee mmoja akaniombea dua ndefu ya afya na kizazi. Nikajikuta naitikia amina. Kwa vocha yangu!

Huduma kwa wateja wamenipigia muziki nusu saa. Konda naye ana mia tatu yangu ya "utapewa ukishuka". Mwenye nyumba sitaki hata kumtaja.

Jioni mpwa akaniletea wanafalsafa wa Kizungu. Kuna Hobbes, Mwingereza, mwaka 1651, nchi yake imetoka kupigana yenyewe kwa yenyewe, akasema bila dola ya kutia hofu watu watatafunana. Nikasema huyo kapanda daladala. Akaniletea Rousseau, mzaliwa wa Geneva: mtu kwa asili yake ni mwema, jamii ndiyo inamharibu. Nikaanza kumpenda. Kumbe watoto wake watano, wote, waliachwa kituo cha watoto wa kuokotwa huko Paris! Watano! Halafu ndiye anasomwa chuo kikuu. Mimi nalisha mtoto wa dada, anamaliza sukari, hakuna aliyenitungia hata ukurasa.

Sasa hivi bibi kanitumia ujumbe: kanipakilia kilo mbili za korosho kwenye basi, za msimu uliopita, "za mwanangu wa Dar". Nimesoma mara tatu nikitafuta utapeli, sijauona. Nikampigia mtu wa mizigo. Anasema mzigo upo, ila nauli yake haijalipwa, elfu tano, nitume kwa simu ndipo nikachukue.

Kwa simu.

Nimevaa miwani. Mpwa ananisomea tarakimu mojamoja, na mdomo wake umejaa mkate wangu.

"Saba," anasema. Au sita?