Homa, macho ya manjano na slaidi ya malaria: tuamini nini huku Kisumu?

Huku Kisumu mtu akianza kutetemeka na homa hakuna anayefikiria nyongo, ni malaria mpaka kipimo kikatae, na simlaumu mtu kwa hilo maana ukanda wa ziwa ndio malaria imejaa. Maneno inaanza pale macho yanakuwa manjano na mgonjwa anashika tumbo upande wa kulia chini ya mbavu. Hapo ndio watu hubishana: umtibu malaria umpeleke nyumbani, ama uanze kushuku maambukizi ya mirija ya nyongo, ile inayotoa nyongo kwa ini kuipeleka utumbo?

Wale wa kliniki ndogo wanasema tibu kile kinaonekana kila siku. Na wako na hoja. Malaria kali inaleta manjano, homa ya ini inaleta, selimundu (sickle cell) pia inaleta, sasa ukisema kila mwenye homa na macho ya manjano adungwe antibayotiki na akapigwe skani, pesa ya familia inaisha kabla ugonjwa ujulikane na dawa zenyewe bakteria watazizoea.

Lakini maambukizi ya mirija ya nyongo hayangoji. Mara nyingi ni jiwe limetoka kwa kifuko cha nyongo likakwama kwa mrija mkubwa, wakati mwingine ni uvimbe wa saratani au hata ile minyoo mirefu ya tumbo imepanda ikaingia, nyongo inasimama, bakteria wa utumbo kama E. coli wanazaana humo ndani na presha ikipanda wanasukumwa mpaka kwa damu, ndio unaona mtu anatetemeka hadi kitanda kinalia.

Charcot, yule daktari wa Ufaransa, alitaja dalili tatu mwaka wa 1877: homa ya kutetemeka, manjano, na maumivu ya tumbo juu upande wa kulia. Mwaka wa 1959 Reynolds na Dargan wakaongeza mbili, presha ya damu kushuka na akili kuvurugika. Wanafunzi hukariri zote tano vizuri sana, ila mimi naona ukingoja zote tano unangoja mtu azidiwe kwanza. Hata zile tatu wagonjwa wengi hawaji nazo pamoja. Mzee anaweza kukosa maumivu kabisa, amechanganyikiwa tu, na nyumbani wanasema ni uzee.

Halafu slaidi yenyewe, lile tone la damu linaloangaliwa kwa hadubini. Kando ya ziwa mtu mzima anaweza kutembea na vijidudu vya malaria kwa damu na haumwi, na vile vipimo vya haraka vya malaria vingi hubaki positive wiki kadhaa baada ya kumaliza dawa. Kwa hivyo positive inakuambia malaria iko, haikuambii ndiyo peke yake. Nakuru, kwa vile baridi na mwinuko hufanya malaria iwe chache, daktari hutafuta chanzo kingine mapema. Wenye naonea huruma zaidi ni watoto na vijana wa selimundu: damu yao inavunjika kila wakati hivyo wanapata mawe ya nyongo wakiwa wadogo, na vile familia imezoea macho yao kuwa na manjano kidogo, hakuna anayeshtuka yakizidi.

Mimi siungi mkono antibayotiki kwa kila mtu. Naunga mkono dakika tano za kuangalia. Mtoe mgonjwa kwa mwanga wa jua, si chini ya balbu, mwambie aangalie chini uinue kope, maana weupe wa jicho la mtu mzima mara nyingi una ukahawia ambao si manjano. Muulize choo. Mkojo mweusi peke yake hauamui, malaria kali pia inaweza kuuleta, lakini choo kikipauka kama udongo mkavu na ngozi inawasha, kuna kitu kimeziba. Bonyeza chini ya mbavu za kulia. Hiyo haihitaji mashine.

Ukishuku, dawa ya malaria iendelee kama kipimo kimesema hivyo, na antibayotiki na dripu zianze siku hiyohiyo. Wenye hali nyepesi wengi hutulia, na hapo wanaopinga haraka wako sawa, si kila mtu akimbizwe. Shida ni jiwe bado liko pale. Kufungua mrija kwa kamera inayopitia mdomoni hakufanyiki kila kaunti, kwa hivyo presha ikishuka, ama mtu akianza kuongea asichoelewa, ama siku moja ipite na homa bado, gari la kwenda hospitali kubwa litafutwe usiku huohuo, hata kama slaidi ilisema malaria.