Shingo inayouma miaka: tusiitupe sindano, wala tusiiache peke yake

Mazungumzo kuhusu akupancha, zile sindano nyembamba za Kichina, huwa yanakwama mapema hapa Dodoma. Wapo wanaosema ni imani tu: mtu anachomwa, anafarijika, anarudi nyumbani na ugonjwa wake uleule. Na wapo walioinuka kitandani wakaweza kugeuza shingo kutazama begani baada ya miezi mingi ya kushindwa; hao ukiwatajia utafiti hawakusikilizi. Kati ya makundi hayo kuna wazo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: sindano zitumike pamoja na mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Naliona wazo hilo lina nguvu kuliko linavyohesabiwa, ingawa lina mahali linapolegea.

Wenye shingo hizo tunaishi nao. Ni watumishi wa Mtumba wanaoinamia kompyuta toka asubuhi, mafundi cherehani wa Majengo, wasusi, wapogoaji wa mizabibu kule Hombolo ambao mikono yao hushinda imeinuliwa, akina mama wa Bahi na Chamwino wenye ndoo kichwani. Wengi wao njia yao ni moja: diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, ya duka la dawa, kuchuliwa, kisha diklofenaki tena. Tumbo, figo na shinikizo la damu ndivyo vinavyobeba gharama ya miaka hiyo.

Wanaozitilia shaka sindano wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba kundi moja likichomwa sindano za kweli na jingine likafanyiwa za kuigiza, wote hupata nafuu, na tofauti kati yao huwa ndogo. Tofauti hiyo haikosekani: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 39 na wagonjwa 20,827 wa maumivu sugu, uliikuta. Lakini ni ndogo, na sehemu kubwa ya nafuu huonekana kutokana na mambo mengine yanayoambatana na tiba, kama kulala kwa utulivu, kushikwa, na kupata mtu anayekusikiliza.

Hoja ya pili inaligusa moja kwa moja wazo la kuchanganya. Mwaka 2007 yalichapishwa Uingereza matokeo ya utafiti wa watu 352 wenye maumivu ya magoti yaliyosagika. Wote walipewa ushauri na mazoezi chini ya wataalamu wa fiziotherapia, na baadhi wakaongezewa akupancha. Nyongeza hiyo haikupunguza maumivu zaidi ya mazoezi yalivyokwisha kuyapunguza. Goti na shingo ni viungo tofauti, lakini anayetetea mchanganyiko akiuruka utafiti huu hamtendei haki msomaji wake.

Hata hivyo kuna utafiti wa shingo yenyewe ambao kila nikiurudia naona haujazungumzwa vya kutosha. Uliongozwa na Hugh MacPherson wa Chuo Kikuu cha York na ukatoka mwaka 2015. Walikuwamo watu 517 wenye maumivu sugu ya shingo, na nusu yao walikuwa wameishi nayo kwa miaka 6 au zaidi. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida tu. La pili liliongezewa vipindi 12 vya akupancha vya dakika 50 kila kimoja. La tatu liliongezewa masomo 20 ya dakika 30 ya mbinu ya Alexander, ambayo humfundisha mtu kutambua namna anavyobeba kichwa, shingo na mgongo katika shughuli zake za kila siku na kuibadilisha. Makundi hayo mawili yalipewa muda uleule, dakika 600.

Mwaka ulipotimia tangu kuanza, waliochomwa sindano walikuwa wamepungukiwa na maumivu na usumbufu kwa takriban asilimia 32 ya hali waliyoanza nayo, na waliofundishwa kwa takriban asilimia 31. Mwenye shaka atasema, na ni kweli, kwamba kundi la matibabu ya kawaida nalo lilipata nafuu, hivyo faida halisi ya kila tiba ilikuwa kama pointi 4 tu katika kipimo cha 100. Tena hapakuwa na sindano za kuigiza za kulinganishia.

Lakini tuzitazame pointi hizo 4 bila haraka. Kipimo cha mwisho kilichukuliwa miezi kadhaa baada ya mtu kuchomwa sindano ya mwisho. Kama sindano ingekuwa inatuliza tu kwa saa chache, kufikia hapo pasingekuwa na kitu cha kupima. Na tiba mbili zisizofanana hata kidogo, moja ya kulala umechomwa na nyingine ya kujifunza namna ya kukaa na kusimama, zilifika karibu mahali pamoja. Watafiti walikuta kitu kilichoongezeka katika makundi yote mawili: watu walijiamini zaidi kwamba wanaweza kuishughulikia shingo yao wenyewe. Kilichodumu baada ya sindano kukoma, kwa jinsi ninavyoona, ni kile ambacho mgonjwa alianza kukifanya alipogundua kwamba shingo ile inaweza kusogezwa bila kumwadhibu. Basi kama ndivyo, kwa nini tumwachie agundue mwenyewe nini cha kufanya, wakati mazoezi yenye ushahidi yapo?

Na yapo. Finland, mwaka 2003, wanawake 180 wa kazi za ofisini walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Waliofanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya shingo na mabega waliwaacha mbali walioshauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kawaida ya mwili. Denmark, mwaka 2011, wafanyakazi 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega waligawanywa: wengine walivuta utepe wa mpira kwa dakika 12 kwa siku, wengine kwa dakika 2 tu, siku 5 kwa wiki kwa wiki 10, na wengine wakapewa maelezo ya afya bila mazoezi. Makundi mawili ya mpira yote yalipata nafuu kuliko lile la maelezo, na la dakika 2 halikuwa nyuma sana. Utepe huo hapa hauhitaji kuagizwa. Mipira ya tyubu wanayofungia mizigo waendesha baiskeli inaweza kufanya kazi hiyo, mradi mtaalamu aonyeshe urefu na uzito unaomfaa mtu.

Ukisoma hayo unaweza kuuliza sindano ya nini tena. Jibu analo mtu aliyekaa miaka na shingo hii. Siku ya kwanza anapoambiwa arudishe kidevu nyuma na kuinua mabega, anasikia maumivu, anaogopa kwamba pingili zinasagika, na harudi tena. Mwili umekwisha kujifunza kujilinda kwa kukakamaa, misuli ya ndani ya shingo imedhoofika kwa kutotumika, na kila jaribio linathibitisha hofu. Hapo ndipo naiona nafasi ya sindano: vipindi vichache vya mwanzo, vya kupunguza maumivu kiasi cha kumwezesha mtu kuanza, na zoezi lifanyike siku ileile, kabla nafuu haijapoa. Kwa watu wa magoti, ambao pengine waliweza kufanya mazoezi tangu mwanzo, nyongeza hiyo haikuwa na la kuongeza. Kwa hiyo simshauri kila mwenye shingo achomwe. Anayeweza kuanza na mpira leo, na aanze.

Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu, mwaka 2021 iliyaweka mazoezi na akupancha katika orodha ya tiba za maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine, ikashauri wagonjwa hao wasianzishiwe parasetamo wala dawa za jamii ya diklofenaki. Akupancha iliwekewa kikomo: awamu moja, isiyozidi saa 5 za muda wa mtaalamu. Kikomo hicho kinafaa kwetu kuliko vipindi 12, ambavyo kwa mtu wa Mpwapwa anayetibiwa mjini ni safari 24 za basi.

Usalama hauna mjadala mrefu. Ujerumani walifuatiliwa wagonjwa 229,230 wa akupancha, na waliotobolewa pafu walikuwa 2. Ni wachache mno, lakini ncha ya pafu iko chini tu ya misuli ya juu ya bega, palepale ambapo wagonjwa wa shingo huchomwa, hivyo kazi hii si ya mtu aliyejifunza kwa kutazama. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosajili watoa huduma. Uliza usajili, na sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako. Na mwenye ganzi mikononi, miguu inayolegea, homa, kukonda bila sababu, au aliyeanguka na bodaboda, aende kwa daktari kwanza. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kinaumiza pia, na hakitibiwi kwa sindano hizi wala kwa mpira.

Tangu ipatikane Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, swali la nini kilipiwe limekuwa la kila nyumba. Kwa shingo sugu ningependa bima ilipie mazoezi ya kusimamiwa kwanza, kwa kila mgonjwa, na sindano chache kwa yule tu ambaye maumivu yanamzuia kuanza, vyote viwili katika jengo moja na katika faili moja. Mgonjwa akifika mara ya nne bado hajaanza mazoezi, sindano zisimame, na mtaalamu akae naye kujua kinachomzuia kabla ya kumlaza tena kitandani.