Kabla ya kumsema mvuvi, tuupande Mto Mirongo

Mvua ikinyesha Mwanza usiku kucha, asubuhi nenda pale Mto Mirongo unapoingia ziwani. Utakuta chupa za maji, ndala za mguu mmoja, pampasi, kamba za nailoni, vyote vimeng'ang'ania kwenye magugumaji na kunuka kabla jua halijawa kali. Jumamosi moja nilikuwa hapo na vijana wapatao kumi wa taasisi ndogo ya mazingira, wamevaa buti za mpira. Hadi saa sita mchana walikuwa wamejaza viroba zaidi ya ishirini. Jumatatu mvua ikarudi. Jumanne nikapita tena, na ungedhani hakuna aliyewahi kuinama pale.

Taasisi yenyewe ina ofisi ya chumba kimoja na wafanyakazi wanne. Baada ya miaka kadhaa ya kuzoa taka imeamua kupunguza usafi na kuongeza kile ambacho kwenye maandiko ya miradi huitwa uchechemuzi: kuhudhuria vikao vya kata, kuwaandikia madiwani, kwenda redioni, kudai sheria zilizopo zitekelezwe. Uamuzi huo umewagawa watu wa pale. Wapo wanaoona taasisi imekua, na wapo wanaosema imeacha kazi ikahamia kwenye maneno.

Hawa wa pili nawaelewa. Watu wa mialoni, kwenye fukwe mitumbwi inakoshusha samaki, wameona miradi mingi ikija na fulana na semina, posho ikagawiwa, mfadhili akaondoka, na bango likabaki linapauka juani. Mtu aliyeshika reki kwenye tope anaaminika kwa sababu kazi yake inaonekana. Anayezungumza redioni kwa niaba ya wavuvi ana swali la kujibu kwanza: nani alimtuma?

Swali la namna hiyo nilisikia likiulizwa mwaloni Igombe, na bado linanikaa moyoni. Kampeni ya kwanza ya taasisi ilikuwa dhidi ya nyavu haramu, hasa timba, yaani nyavu za nailoni ya uzi mmoja, na makokoro. Mtoa mada alieleza vizuri kwamba sangara jike huchelewa kukomaa, na kwamba ukimvua akiwa hajafika sentimita 50, urefu wa chini unaoruhusiwa, umemvua kabla hajaacha kizazi. Yote kweli. Mvuvi mmoja wa makamo akasimama na kipande cha timba mkononi, akakinyoosha ili kila mtu aone. "Mwalimu, hii sikuishona mimi. Nimeinunua mjini, dukani, mchana kweupe. Mbona huko hamjaenda?" Hakuna aliyecheka. Katika Operesheni Sangara ya 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu haramu zilichomwa moto kwenye mialo ya ziwa hili, na kila aliyekuwa pale Igombe alikumbuka moshi ule ulipanda kutoka upande gani. Haukutoka madukani.

Hata hivyo, kusema taasisi irudi kwenye viroba tu ni kulipima ziwa kwa kata moja. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, linagawanywa na nchi tatu, na kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Kwa upana huo ni sinia. Kinachomwagwa ufukweni hakina shimo refu la kujificha. Kinawarudia samaki, na samaki wanaturudia sisi. Watafiti walionunua sangara na sato katika soko la Mwanza wakawapasua matumbo, walithibitisha plastiki kwa samaki mmoja katika kila watano. Matokeo hayo yalichapishwa 2016. Kwa wingi huo, viroba ishirini kila Jumamosi ni kuchota maji mtumbwini bila kuziba tundu.

Na matundu huzibwa kwa maamuzi. Gugumaji lilipolivamia ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980, watu waling'oa kwa mikono hadi wakachoka. Nguvu yake ilivunjwa zaidi na mbawakavu waliofugwa na kuachiwa majini waligugune, kazi iliyohitaji serikali, watafiti na fedha kukubaliana. Mifuko ya rambo nayo hatukuimaliza kwa kuokota. Ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na ndani ya wiki chache ikatoweka kwenye maduka na magenge. Kisha vile vifungashio vyepesi visivyo na mshikio vikaanza kutumika kama mifuko, tukarudi nyuma. Katazo lilihitaji mtu wa kulifuatilia kila siku, na taasisi ndogo iliyo jirani na soko inaweza kuwa mtu huyo.

Nguvu ya wadogo ninaiamini, ila naijua na gharama yake. Mwaka 2010 Africa Network for Animal Welfare, shirika la Nairobi, lilifungua kesi kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, kipande cha kilomita 53 hivi. Juni 2014 mahakama ikaizuia. Nyumbu na bonde la Mto Mara, ambao maji yake huishia hapa ziwani, wamepata kinga kubwa. Lakini zungumza na mkulima wa Mugumu, mji wa wilaya ya Serengeti, anayehesabu mashimo barabarani akipeleka mazao sokoni, umsikilize mpaka mwisho. Ushindi ulikuwa wa haki, na yeye pia ana haki. Mimi bado ningesimama upande wa kesi ile. Ila ningetaka aliyeifungua awe wa kwanza pia kudai barabara nzuri ya kuzungukia.

Kwa hiyo utetezi naunga mkono. Ninachokataa ni kuanza na aliye karibu tena mnyonge. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Ni sheria nzuri. Lakini mama mwenye vichanja vya dagaa, anayegeuza dagaa wake tangu alfajiri ili wasiingie mchanga, ndiye rahisi kuondolewa, kuliko mwenye ukuta wa mawe na geti la chuma. Taasisi ikibeba kipimo cha mita 60, ianzie getini.

Kwa taka ni hivyohivyo. Baada ya kikao cha Igombe, wawili kati ya wale wanne waliamua kuufuata Mirongo kwa miguu kuelekea juu. Nilikwenda nao hadi Mabatini na kupanda kwenye nyumba zilizojengwa juu ya mawe. Huko gari la taka halifiki. Hakuna barabara, kuna ngazi na vichochoro. Ndoo ya uchafu inasubiri mvua, na mvua ndiyo gari. Mama mmoja aliyekuwa anafua mlangoni alituambia bila kuona haya, kwa kuwa hakuwa na la kuonea haya: "Likiwekwa ghuba la kukusanyia taka hapo chini, nitashusha mwenyewe kila siku. Sasa niziweke wapi, kitandani?"

Kampeni ya sasa inadai maghuba matatu chini ya mlima na siku maalumu ya kuyazoa, pamoja na ukaguzi wa maduka ya nyavu mjini. Barua ina kurasa mbili. Ramani ya vichochoro wameichora kwa penseli, na chini yake kuna sahihi za wakazi wa mlimani pamoja na za wavuvi watano wa Igombe, akiwamo yule wa timba. Iko mezani kwa mtendaji wa kata, inasubiri kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata.