Mfumo Endeshi wa Zamani Upewe Diski Yake

Mtu anapouliza namna ya kuweka Windows XP au Windows 7 kwenye kompyuta ambayo tayari ina mfumo mpya, majibu anayopata huwa ya aina mbili. Wapo wanaomwambia aachane na mambo yaliyopitwa na wakati, na wapo wanaomwambia amege sehemu ya diski, asakinishe, kisha menyu ya kuchagua mfumo itajitokeza yenyewe kila atakapowasha mashine. Sikubaliani na jibu lolote kati ya hayo mawili. Ninaamini kwamba zipo sababu za haki za kutaka mfumo wa zamani uendeshwe moja kwa moja kwenye mashine halisi, na ninaamini vilevile kwamba mfumo huo haupaswi kukaa diski moja na mfumo mpya: upewe diski yake, uchaguliwe wakati wa kuwasha kwenye menyu ya BIOS au ya mrithi wake UEFI, yaani programu ya ubao mama inayoamka kabla ya mfumo wowote, na usipewe njia ya kufika kwenye intaneti.

Sababu yangu mwenyewe ni skana ya filamu. Ni kifaa kizima kabisa, taa yake inawaka, lenzi yake ni safi, na picha inazozitoa kutoka kwenye negativu zina undani ambao siupati kwa skana bapa ya kawaida. Mtengenezaji wake, hata hivyo, aliacha kuiandikia draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kukiendesha kifaa, katika zama za XP ya biti 32, nayo huunganishwa kwa kadi ya SCSI, kiunganishi cha zamani, iliyochomekwa kwenye ubao mama. Kukitupa kifaa kinachofanya kazi, eti kwa kuwa tu programu ya kukiendesha haikuendelezwa, ni hasara nisiyoweza kuikubali.

Wengine wanahitaji programu, si kifaa. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, kwa sababu sehemu iliyokuwa ikizihudumia, yaani NTVDM, imo kwenye matoleo ya biti 32 peke yake, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Zipo programu za miaka ya 1990 ambazo zenyewe ni za biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, hivyo hukwama kabla hata hazijaanza. Michezo iliyouzwa kwenye CD zenye ulinzi wa SafeDisc nayo haifunguki kwenye Windows 10, kwa kuwa Microsoft iliiondoa draiva ya ulinzi huo kwa kuhofia usalama, na uamuzi huo ulikuwa sahihi ingawa ulimwacha mnunuzi halali na CD asiyoweza kuitumia.

Najua jibu litakalofuata: tumia kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya mfumo mpya, kama ile ya VirtualBox. Kwa programu ya kuandika barua, ya hesabu au ya kamusi, nakubali bila kusita, na ningemshauri kila mtu aanzie huko kabla ya kugusa diski yoyote. Kifaa cha USB nacho mara nyingi kinaweza kupitishwa hadi ndani ya kompyuta pepe. Kadi iliyo kwenye nafasi ya PCI ya ubao mama, kifaa cha FireWire (kiunganishi kingine cha zamani), au mchezo wa zamani unaoitegemea kadi ya video ya zama zake ni habari nyingine, na hapo ndipo ushauri wa kompyuta pepe unapoishia.

Sasa nieleze kwa nini naipinga njia ya kumega diski moja. XP huwashwa na programu iitwayo NTLDR, inayosoma orodha ya mifumo kwenye faili fupi ya maandishi, boot.ini. Kuanzia Windows Vista, Microsoft iliachana na utaratibu huo, ikaleta programu ya kuwashia iitwayo bootmgr na orodha yake mpya, hifadhi ya BCD, ambayo haifunguki kwa programu ya kawaida ya maandishi bali huhaririwa kwa amri ya bcdedit. Bootmgr inaijua NTLDR na inaweza kuikabidhi kazi. NTLDR haiijui bootmgr hata kidogo. Ndiyo maana ukisakinisha XP baada ya Windows 7 kwenye diski moja, XP huandika upya sehemu ya kuwashia, na Windows 7 hutoweka kana kwamba haikuwahi kuwapo, ingawa faili zake zote zipo salama. Huweza kurudishwa kwa diski ya usakinishaji na amri za bootrec, kisha XP ikaongezwa kwa mkono kwenye BCD. Kutokana na hilo ikazaliwa kanuni ya kusakinisha mfumo wa zamani kwanza na mpya baadaye, kanuni nzuri kwa anayeanza na diski tupu, lakini wengi wetu hatuanzi na diski tupu.

Hata kanuni hiyo haitoshi tena. Kompyuta za leo huwashwa kwa UEFI na diski zake hupangwa kwa GPT, mpango mpya wa kugawa diski, wakati XP ya biti 32 huwashwa kwa BIOS ya kale peke yake na kutoka kwenye diski iliyopangwa kwa MBR, mpango wa zamani ambao kwa sekta za baiti 512 haupiti takriban terabaiti 2 na hauruhusu zaidi ya patisheni kuu 4, yaani sehemu kuu za diski. Bootmgr iliyowashwa kwa UEFI haiwezi kuupokeza usukani mfumo uliosakinishwa kwa BIOS. Kwa hiyo kwenye mashine ya namna hiyo ile menyu moja ya kuchagua XP au Windows 11, ambayo watu huahidiwa, haiwezekani kwa zana za Microsoft zenyewe. Mifumo hiyo miwili haina lugha ya pamoja ya kuwashiana, na diski mbili zinaukubali ukweli huo badala ya kuulazimisha.

Madhara mengine huja kimyakimya, na hayo ndiyo yanayonisumbua zaidi. XP ikiiona patisheni ya NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) yenye pointi za kurejesha mfumo za Vista au Windows 7, huzifuta kwa sababu haiuelewi muundo wake. Microsoft yenyewe ilikiri tatizo hilo. Kuanzia Windows 8 pia kuna uwashaji wa haraka, ambapo kompyuta ukiizima haizimiki kikamilifu bali kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski kikisubiri kuamshwa. Mfumo mwingine ukiandika kwenye patisheni hiyo katika hali hiyo, mfumo mpya huamka ukiwa na kumbukumbu isiyolingana na kilichopo kwenye diski, na faili huharibika. Atakayewasha mifumo miwili, hata akiwa na diski mbili, auzime uwashaji wa haraka kabla ya jambo lingine lolote. Amri ya powercfg /h off inatosha.

Utaratibu ninaoufuata ni wa tahadhari, na siuonei haya. Kwanza nakala rudufu ya faili zote kwenye diski ya nje. Kisha, ikiwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, imewashwa, ufunguo wake wa kurejesha uandikwe mahali nje ya kompyuta hiyo na ulinzi usitishwe kwa muda, kwa sababu kuigusa mipangilio ya Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokataa kuwasha mfumo usio na saini inayoaminika, kunaweza kuifanya kompyuta idai ufunguo huo itakapowaka tena. Baada ya hapo mashine izimwe na diski ya mfumo mpya ichomolewe kebo yake, au, ikiwa ni NVMe, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, ifunguliwe skrubu na kutolewa. Kuna wanaoona hatua hii imezidi kiasi. Mimi naiona ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa kisakinishi hakiwezi kuharibu diski isiyokuwapo, wala hakiwezi kuweka faili zake za kuwashia kwenye diski isiyo yake, jambo ambalo visakinishi vya Windows hulifanya mara nyingi vinapokuta diski mbili.

Usakinishaji wenyewe una vikwazo vyake, na inafaa mtu avijue kabla hajavifikia. Kwa XP, kikwazo kikubwa ni AHCI, namna ya kisasa ya ubao mama kuzungumza na diski za SATA. Diski ya usakinishaji huwaka vizuri, skrini ya buluu hujaa majina ya draiva yakipita chini moja baada ya jingine, halafu ghafla kila kitu husimama na msimbo 0x0000007B hutokea. Maana yake ni kwamba XP haina draiva ya kidhibiti cha SATA, hivyo haiioni diski inayotakiwa kuandikia. Mwanzoni kabisa huwa imekuambia, kwa sekunde chache tu, ubonyeze F6 ikiwa una draiva ya ziada. Ukibonyeza, itataka flopi. Njia rahisi ni kuibadili SATA kuwa IDE, namna ya zamani, ndani ya BIOS, lakini Windows 10 iliyosakinishwa kwa AHCI huenda ikakataa kuwaka mpaka uirudishe, na hakuna anayeweza kuishi kwa kuingia BIOS kila anapobadili mfumo. Bora kuiingiza draiva ya AHCI kwenye picha ya CD (faili moja yenye nakala ya CD nzima) kwa programu ya nLite kabla ya kuanza.

Windows 7 ina kikwazo tofauti. Kisakinishi hufunguka, dirisha la kuchagua lugha hutokea, kisha kipanya hakisogei na kibodi haijibu, kwa kuwa Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila draiva za USB 3.0 na kwenye mbao mama nyingi za miaka ya karibuni milango yote ya USB huendeshwa na kidhibiti cha USB 3.0. Draiva hizo huingizwa kwenye picha ya usakinishaji kwa amri ya DISM, pamoja na za NVMe ikiwa diski ni ya aina hiyo. Windows 7 inahitaji pia Secure Boot izimwe, na kwa kawaida inahitaji CSM, ule utangamano na BIOS ya kale. Intel ilitangaza mwaka 2017 nia ya kuuondoa utangamano huo ifikapo 2020, na zipo kompyuta mpya zisizokuwa nao kabisa. Kwenye mashine kama hizo ningeacha. Kompyuta ya zama za Windows 7, yenye nafasi za PCI na BIOS ya kawaida, itamhudumia mwenye haja hiyo vizuri zaidi kuliko wiki za kubishana na ubao mama usiotaka.

Kwa diski yenyewe, SSD ndogo ya SATA inatosha. XP huanza patisheni yake kwenye sekta ya 63, mahali pasipolingana na kurasa za SSD, vipande inavyoandikia, kwa hiyo patisheni itengenezwe mapema kwa zana ya mfumo mpya inayoanzia kwenye mebibaiti 1. XP haina TRIM pia, amri ya kuijulisha SSD nafasi zilizofutwa, basi sehemu ya diski iachwe wazi bila kupangwa.

Kuhusu usalama sina nafasi ya mjadala. Msaada wa XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014 na wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Programu hasidi ya WannaCry ilipoenea Mei 2017, iliingia kwenye kompyuta kupitia mtandao bila mtumiaji kubofya chochote, na hali ilikuwa nzito kiasi kwamba Microsoft ilitoa rekebisho la XP miaka mitatu baada ya kuiacha. Kinga ninayoiamini ni kutoisakinisha kabisa draiva ya mtandao. Mfumo usio na draiva hiyo hauunganishwi kwa bahati mbaya, na hakuna kinachopotea, maana tovuti nyingi za leo hazifunguki kwa kivinjari cha XP. Faili zihamishwe kwa flashi ya FAT32, mpangilio wa faili wa zamani, kwa kukumbuka kwamba faili moja haiwezi kufika gigabaiti 4. Diski ya mfumo mpya ikiwa ni ya GPT, XP ya biti 32 huiona kama patisheni moja ya ulinzi isiyosomeka, na hiyo ni kinga ya ziada ambayo mtu huipata bila kuitafuta.

Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo wapo watakaotaka kuibakiza kando ya Windows 11. Kwao mambo ni mepesi: zote mbili zinatumia UEFI, GPT na BCD, na menyu moja hufanya kazi. Diski mbili bado ningezipendelea, ila sitamlaumu atakayetumia moja.

Lililo la haraka zaidi ni kukusanya faili. Agosti 2020 Microsoft iliondoa kwenye kituo chake cha upakuaji faili zilizotiwa saini ya SHA-1, njia ya zamani ya kuthibitisha faili, na vitu vingi vya zama za XP vilikwenda nazo. Watengenezaji wa vifaa nao hufunga kurasa zao za draiva bila kuaga. Anayekusudia kazi hii aanze na Service Pack 3 (mkusanyiko wa marekebisho ya XP), draiva za ubao mama, za kadi ya video na za kile kifaa chenyewe, azihifadhi mahali pawili, ndipo aende kununua diski.