Kabla ya Trimu, Irushe kwa Mkono

Wewe unayeanza kurusha ndege ndogo za rimoti, hasa hizi zenye usukani wa mkia peke yake, nakuomba jambo moja: usiguse kitufe cha trimu, kile cha kwenye rimoti kinachousogeza usukani kidogo na kuuacha hapo, mpaka ndege yako ijue kuruka bila wewe.

Ndege ya aina hii haina kibao cha kupandisha wala kushusha pua, na mabawa yake hayana vibao vya kuilaza. Ukisukuma kijiti, mkia unasogea kando, pua inageuka, bawa la nje linapata upepo zaidi na kunyanyuka, ndipo ndege inalala na kukata kona. Siri ni yale mabawa yaliyokunjwa kwenda juu. Yangu yana urefu wa sentimita 90 ncha hadi ncha, na kila ncha nimeinyanyua sentimita 8. Nimeona watu wakiyanyoosha ili ndege ipendeze. Ikifika hewani inaserereka kama pikipiki kwenye tope.

Miaka ya 1950 wenzetu wa Marekani na Uingereza waliruka hivi kwa taabu kuliko sisi. Usukani ulivutwa na rababendi iliyosokotwa ndani ya kiwiliwili, redio kazi yake kuifungulia tu: bonyeza mara moja, kulia; mara mbili, kushoto; achia, katikati. Hakuna robo wala nusu. Injini nayo ililia mpaka mafuta yaishe. Basi ndege ilibidi inyooke kabla haijatoka mkononi, na uangalifu huo naona tumeupoteza, zaidi tangu vije vifaa vya jairo, vinavyohisi ndege ikiyumba na kuirekebisha vyenyewe, vinavyoishikilia ndege mbovu ionekane nzima.

Anza na mizani. Bawa langu lina sentimita 15 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, kwa hiyo naweka ncha za vidole chini yake sentimita 5 kutoka mbele, yaani theluthi moja, betri ikiwa ndani. Pua ikizama nasogeza betri nyuma. Mkia ukizama, mbele. Ikitulia napiga alama ya kalamu mahali pa betri, na sipagusi tena.

Kisha alfajiri, upepo haujaamka, nenda kwenye majani marefu. Mota imezimwa. Elekea upepo unakotoka, sukuma ndege kwa mkono ulionyooka, usiitupe kama jiwe. Ikipanda, ikasita, halafu ikadondosha pua, weka kipande cha kadi ya vocha chini ya ukingo wa nyuma wa bawa. Ikikimbilia chini, kadi iende chini ya ukingo wa mbele. Kipande kimoja, urushe tena. Yangu ilitaka viwili, na asubuhi nzima iliishia hapo. Sikuona hasara.

Mota ndiyo inayowaponza wengi, na ndiyo iliyoniponza mimi. Ndege yangu ya kwanza ilikuwa inaelea vizuri, lakini nikiwasha mota inavuta kushoto. Nikabonyeza trimu kulia mara nne, ikanyooka. Ilipofika juu nikazima mota ishuke. Usukani ulikuwa bado umelalia kulia, na sasa hapakuwa na mota ya kuupinga. Ikaanza kuzunguka, kila duara dogo kuliko lililotangulia, pua ikizidi kuzama. Bawa lilikatika katikati, palepale penye gundi.

Kasoro inayokuja na mota itibiwe kwenye mota. Panga la mota (propela) likizunguka kwenda kulia, ukilitazama kutoka nyuma, kiwiliwili kinasukumwa kulalia kushoto. Legeza skrubu za mota, ingiza washa nyembamba (kile kipete cha bapa cha skrubu) nyuma ya zile za kushoto, mota itazame kulia kidogo. Na kama ndege inapanda wima ukiongeza nguvu ya mota, ingiza washa nyuma ya skrubu za juu, mota itazame chini. Digrii 2 au 3 zinatosha kuanzia. Tafadhali usibandike sarafu puani kwa selotepu kwa ajili ya hilo. Mota ikiwaka utadhani umepona; ikizimwa, ndege inashuka kama nyundo.

Ukishayamaliza hayo, trimu itakuwa na kazi ndogo sana, na vidole vyako pia. Usishikilie kijiti. Ukikishikilia, pua inazama na mwendo unazidi. Ukiachia, mwendo ule unaipandisha ndege ghafla mpaka inakosa nguvu. Mimi nagusa, naachia, natazama. Pua ikianza tu kunyanyuka nagusa tena kidogo, upande uleule, nayo inaendelea na kona yake bila kupanda.